Kodi Mbili za Nyumba ya Mkunga

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, na mwenye kutafuna atafune polepole, maana nikifika mwisho nitawauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia. Kisa hiki kilitokea katika mji wa Ilungula, kule nyanda za juu ambako watu huvaa masweta hata mwezi wa kumi. Nchi yenyewe sitaitaja. Kila nchi ina sheria zake za kodi, nami sitaki mtu aondoke hapa akagombane na maofisa kesho asubuhi kwa maneno yangu.

Pale Ilungula palikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati la kijani na miparachichi miwili uani. Mwenyewe alikuwa Sekela Mwandemba, mkunga wa hospitali ya mji. Ilikuwa nyumba yake kweli, jina lake ndilo lililoandikwa kwenye hati. Lakini hati yenyewe ilikuwa kabatini benki, kwa sababu Sekela aliinunua kwa mkopo wa miaka kumi na mbili, na benki haikuwa tayari kuiachia mpaka senti ya mwisho.

Alikaa humo miaka miwili tu. Mwaka wa tatu akahamishiwa Lindundu, kituo kidogo cha afya kando ya ziwa, mwendo wa saa tisa kwa basi. Mkopo haukuhamishwa naye. Kwa hiyo Sekela akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akapangisha vyumba vitatu kwa watu watatu, akawaonyesha bomba, akawaonyesha swichi inayopiga shoti, akaondoka.

Wapangaji wenyewe walikuwa hawa.

Wa kwanza ni Mzee Gervas Kalolo, aliyefanya kazi posta miaka thelathini na mmoja. Kipaji chake kilikuwa kutotupa karatasi. Risiti ya mkate, bahasha tupu, tangazo la mkutano uliokwisha zamani, vyote alivifunga kwa kamba ya katani, akaviweka katika makopo ya biskuti na kuandika mwaka juu ya kila kopo. Ukimuuliza betri za redio aliuziwa kiasi gani mwaka ule wa mafuriko, angesimama, angefungua kopo, na angekujibu.

Wa pili ni Atupele Mwasaga, karani katika kiwanda cha chai. Kipaji chake kilikuwa kusoma maandishi madogo. Wengine tukinunua dawa tunasoma jina. Yeye alikunjua kile kikaratasi chembamba cha ndani, akakisoma mpaka anuani ya kiwanda, ndipo akameza kidonge. Alikuwa amechumbiwa, na barua ya posa aliisoma mara mbili kabla ya kumruhusu baba yake aijibu.

Wa tatu ni Yusta Mgaya, dereva wa bodaboda, mwenye pikipiki nyekundu aliyoifuta kila jioni kama mtu anayemwogesha mtoto. Kipaji chake kilikuwa njia. Njia za mashamba ya chai, njia za ng'ombe, njia za wakata mbao, zote alizijua, na hakuwahi kupotea. Abiria wake walikuwa wakisema, panda kwa Yusta, fumba macho, fumbua, umefika.

Miaka mitatu ikapita vizuri. Kila mwezi wapangaji walimtumia Sekela kodi ya nyumba kwa simu, na kila mwezi hela hiyo hiyo ilichukuliwa na benki kulipia mkopo. Haikukaa kwake hata siku mbili.

Basi Jumatatu moja akapita mtaani ofisa mpya wa mikopo wa benki ile, Bwana Hezron Kitundu. Alikuwa amepewa kazi ya kuzungukia nyumba zote zilizowekwa dhamana. Kufika kwa Sekela akakuta pikipiki barazani, Mzee Kalolo kwenye kiti anapanga bahasha, na Atupele anaanika nguo.

"Shikamoo, Mzee. Mwenye nyumba yupo?"

"Marahaba. Mwenye nyumba yuko Lindundu. Sisi wapangaji."

"Wapangaji?" Bwana Kitundu akafungua faili lake, akatafuta, akalifunga. "Humu hakuna wapangaji."

"Basi humo kuna makosa, mwanangu, maana sisi tupo."

Jioni ile ile ikaletwa barua. Ilisema kwamba Sekela Mwandemba amepangisha nyumba iliyo dhamana ya mkopo bila benki kuwa na kumbukumbu ya ruhusa. Ilisema alete vitu viwili: ruhusa ya kupangisha, na uthibitisho kuwa amelipa kodi ya mapato ya pango kwa miaka yote mitatu. Mwisho ni Ijumaa ya wiki inayofuata, saa tisa alasiri. Akishindwa, mkopo wote utadaiwa kwa mkupuo, na nyumba itauzwa kufidia.

Yusta akampigia Sekela, akaweka sauti ya juu wote wasikie.

"Dada Sekela, benki wanataka risiti za kodi."

"Kodi? Waambieni wapangaji wangu hawana deni hata la shilingi!"

"Siyo kodi yetu kwako, dada. Kodi yako kwa serikali."

"Kodi yangu? Mimi nakodisha, Yusta, sikodi!"

Msimcheke. Lugha yetu nayo ilimponza. Tunachomlipa mwenye nyumba tunakiita kodi, na anachoilipa serikali kutokana na hicho hicho tunakiita kodi. Miaka mitatu Sekela aliposikia redioni "lipa kodi kwa wakati", alifikiri wanaambiwa wapangaji, akawaonea huruma.

Atupele akaichukua simu. "Dada, pango ni mapato. Mapato yanatozwa kodi."

"Mapato gani, Atupele? Yanatoka mikononi mwenu yanaingia benki. Sijanunua hata kanga kwa hela ya nyumba ile!"

"Sheria haiulizi umenunua nini, dada. Inauliza umepokea kiasi gani."

Kisha wakasikia sauti nyembamba kabisa, wao waliozoea kumsikia akiamrisha wodi nzima. "Mimi mkunga peke yangu hapa kituoni. Mpaka sasa nina wajawazito sita wa kujifungua wiki hizi mbili. Siwezi kuja. Na ruhusa niliomba, nakumbuka niliomba, lakini nakala sijui iko wapi. Nyumba yangu inakwenda hivi hivi naiona."

"Haiendi popote," akasema Mzee Kalolo. "Wewe zalisha watu. Sisi tupo."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kesi inapoanza.

Mzee Kalolo alikumbuka kwamba siku Sekela anahama, alimpa boksi la karatasi akamwambia, "Mzee, hizi taka, zichome nyuma." Mzee akaitikia vizuri sana, akaliingiza boksi chumbani kwake. Kwa siku tatu alikaa chini sebuleni, miguu ameinyoosha, miwani imeteremka puani, akitenganisha karatasi moja moja. Jumatano hiyo alitakiwa awe kijijini kwa kipaimara cha mjukuu wake wa pekee, na suti alikwisha kuipiga pasi. Hakwenda. Alimpigia mtoto akamwomba radhi. Na Jumatano hiyo hiyo, saa nane mchana, majirani wakasikia mtu anaimba kwa sauti ya kwaya.

Ndani ya bahasha ya picha za harusi ya mtu mwingine ilikuwamo nakala ya barua ya Sekela kwenda benki, akiomba ruhusa ya kupangisha. Pembeni ulikuwapo mhuri wa buluu wa benki: IMEPOKELEWA, na tarehe. Chini yake Mzee akakuta taarifa za mkopo za kila mwezi za miaka miwili ya mwanzo. Zilizofuata zilikuwa zikitumwa kwa anuani ya nyumba ile, nazo alikuwa amezihifadhi kwenye makopo yake mwenyewe, bahasha hata hazijafunguliwa. Na risiti za bati na dari, vilivyotengenezwa baada ya upepo wa mwaka jana, zilikuwamo zote.

Mzee akawaonyesha wenzake. Yusta akasema, "Barua ya kuomba siyo ruhusa, Mzee. Mimi naweza kuomba urais."

Atupele alikuwa amekwisha kuanza kuisoma.

Alikwenda kiwandani akaomba likizo. Alikuwa amebakiza siku saba, alizozitunza kwa ajili ya harusi yake. Bosi wake akamwambia, "Ukizichukua sasa, siku ya harusi utatoka kazini saa sita mchana na Jumatatu asubuhi nakuona hapa." Atupele akasaini, akarudi nyumbani. Kwanza alisoma mkataba wa mkopo uliotoka kwenye boksi lile lile, kurasa arobaini na moja, zenye maandishi ambayo mchwa angehitaji miwani kuyasoma. Kwenye kifungu cha kumi na tisa akasimamisha kidole, akacheka peke yake.

"Mzee, njoo. Yusta, njoo. Sikilizeni: mkopaji akiomba kwa maandishi ruhusa ya kupangisha, na benki ikakaa siku sitini bila kumjibu, ruhusa itahesabika imetolewa."

"Walikaa miaka mitatu!" akasema Mzee.

"Basi wametoa ruhusa mara kumi na nane," akasema Atupele.

Hilo lilikuwa moja. Likabaki la kodi. Atupele alikwenda ofisi ya mapato, akaomba kijitabu cha wapangishaji, akakisoma kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akamletea chai. Kwa sheria ya nchi ile, pango lote lilikuwa mapato, hata kama linakwenda moja kwa moja benki. Sehemu ya rejesho inayopunguza mkopo wenyewe haikukatwa kwenye hesabu, kwa sababu hiyo ni Sekela anajinunulia nyumba yake. Lakini riba ya mkopo ilikatwa. Matengenezo nayo yalikatwa, mradi risiti ipo. Na kulikuwa na kifungu kimoja kwenye ukurasa wa mwisho ambacho hata mlinzi alisema hajawahi kukisikia: aliyechelewa kutoa taarifa za pango, akijitokeza mwenyewe kabla ofisi haijamwita, atalipa kodi lakini atasamehewa faini.

Alirudi akamwaga taarifa za Mzee mezani, akapiga mstari katikati ya daftari. Upande huu riba, upande ule mkopo wenyewe, mwezi kwa mwezi. Siku nne. Hesabu ilipokamilika, kodi ya miaka mitatu ikawa kiasi cha kumfanya Sekela ashushe pumzi ndefu, si cha kumfanya alie. Alikuwa ameweka akiba ya kununua friji. Akasema, "Tutakunywa maji ya mtungini. Lipeni."

Lakini fomu zilitaka sahihi ya Sekela mwenyewe, kwa wino, mbele ya hakimu au wakili. Siyo picha, siyo sahihi ya simu. Fomu zilikuwa tayari Jumatano jioni ya wiki iliyofuata. Mwisho ni Ijumaa saa tisa. Na Jumatano hiyo mvua ilikuwa imeporomosha mlima kwenye barabara ya Lindundu, mabasi yote yakarudishwa.

Wote wawili wakamgeukia Yusta.

"Msiniangalie hivyo," akasema. "Nimekwisha kujaza mafuta."

Yusta alikuwa na zabuni ndogo wiki ile: kubeba wanafunzi kumi wa mitihani asubuhi na jioni, hela ambayo ingemtosha kumaliza deni la pikipiki yake. Akampa dereva mwingine. Alhamisi, jua linachomoza, alizifunga fomu kwenye mfuko wa nailoni, akaziweka kifuani chini ya koti, akaondoka. Hakugusa barabara kuu. Alipita mashamba ya chai, akapita njia ya wakata mbao, akavuka mto akiisukuma pikipiki huku wavulana wa ng'ombe wakimshangilia. Kwenye mteremko wa mwisho shokomzoba ya nyuma ikavunjika, akaenda hivyo hivyo akidunda kama mpira.

Alifika Lindundu saa tisa alasiri, amejaa tope mpaka kope. Nesi akamzuia mlangoni.

"Mkunga yuko ndani. Mama anajifungua."

"Atachukua muda gani?"

"Dada, hilo muulize mtoto."

Yusta akakaa kwenye benchi pamoja na baba mtarajiwa, mvuvi wa dagaa. Wakashikana mikono bila kujuana majina. Saa kumi na nusu wakasikia kilio. Baba akaruka. Dakika kumi baadaye wakasikia kilio kingine, na baba akakaa chini sakafuni.

"Wawili?" akamuuliza Yusta.

"Wawili," Yusta akamjibu, akamkumbatia, tope lote likahamia kwenye shati lake jeupe.

Sekela akatoka anajifuta mikono. Kumwona Yusta akaanza kucheka na kulia pamoja. Hakimu wa mahakama ya mwanzo alikuwa jirani yake. Walimkuta anamwagilia mchicha. Sekela akasaini kurasa kumi na mbili juu ya goti lake, hakimu akagonga mhuri. Yusta akalala kwa Sekela, wakati fundi wa kijijini anaifunga shokomzoba kwa mpira wa tairi na waya. Alfajiri akaondoka tena.

Ijumaa saa saba mchana, Mzee na Atupele wakiwa wamesimama getini wakitazama barabara, pikipiki nyekundu, ambayo sasa ilikuwa ya kahawia, ikaingia mtaani. Yusta hakushuka. "Pandeni," akasema.

Walipanda. Mzee katikati na kopo lake la biskuti, Atupele nyuma na faili. Kwa sheria za barabarani hilo nalo lilikuwa kosa, lakini hatuko kwenye kesi hiyo.

Kwenye ofisi ya mapato alikuwapo mama mmoja mnene, mpole, aliyezisoma fomu zile taratibu. Akaangalia kumbukumbu zake. "Huyu hatujamwita," akasema.

"Hamjamwita," akajibu Atupele. "Kaja mwenyewe. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu chenu."

Mama akavua miwani. "Mimi niko kaunta hii miaka minane. Watu wananikimbia hata sokoni. Leo naletewa kodi na wapangaji wa mtu?" Akaita wenzake wawili waje waone. Sekela akalipa kwa simu kutoka Lindundu, na hati ya uthibitisho ikachapwa, bado ya moto.

Saa tisa kasorobo walikuwa mbele ya Bwana Kitundu. Mzee akaweka barua yenye mhuri. Atupele akafungua kifungu cha kumi na tisa. Yusta akaweka hati ya kodi, na kidole chake cha tope kikaacha alama pembeni. Bwana Kitundu akasoma mara mbili. Aliangalia mhuri wa benki yake, akaangalia tarehe, akaangalia lile faili lake lisilokuwa na wapangaji. Kisha akainuka akawapa mikono mmoja mmoja.

"Nyumba ni ya Mkunga," akasema. "Na makosa yalikuwa humu ndani, Mzee, kama ulivyosema."

Walirudi kwa miguu, kwa sababu pikipiki iligoma kuwaka, wakaisukuma wote watatu wakicheka njia nzima.

Mwezi wa sita Sekela akapata likizo. Alikuja na gunia la dagaa na salamu za wale mapacha, akapika siku nzima, akaita mtaa mzima. Hata Bwana Kitundu alialikwa, akaja na soda kreti mbili. Watu walipokwisha kushiba, Sekela akasimama na ufunguo mkononi.

"Mnakijua chumba cha mbele," akasema. "Nilikifunga na vitu vyangu nilipohama. Ndicho chumba kikubwa kuliko vyote, kina dirisha la barabarani na meko ya ukutani, na msimu huu kila mmoja wenu anasikia baridi. Vitu vyangu nimevihamisha. Chumba hiki nampa aliyeiokoa nyumba yangu, akae bure mpaka mkopo utakapoisha. Ni miaka saba. Nilipokuwa ndani ya gari nilidhani nitajua nimpe nani. Nimefika, sijui."

"Tugawane," akasema mtu.

"Mlango ni mmoja na meko ni moja," akasema Sekela. "Atakaa mmoja."

Mzee Kalolo akakohoa. "Mimi siyo mtu wa kujisifu. Lakini bila ile nakala, Atupele angesoma nini? Kifungu cha kumi na tisa kinadai barua. Bila risiti angekata nini? Niliambiwa nichome, sikuchoma. Na kipaimara cha mjukuu wangu hakirudiwi. Humo ndani mtoto angekuwa anakuja kulala likizo, na makopo yangu yangepata ukuta."

"Baba, nakuheshimu," akasema Atupele. "Lakini barua ile ulikaa nayo miaka mitatu. Yusta aliiona akasema siyo kitu, na wewe ulinyamaza. Ilikuwa karatasi mpaka mtu alipoisoma. Na ile faini? Kama si ukurasa wa mwisho, Dada Sekela angelipa friji na kitanda juu yake. Siku saba za fungate yangu ziliishia kwenye daftari lile. Kwenye dirisha lile la barabarani ningeweka meza, niwasaidie watu kujaza fomu zao, maana sasa wananifuata mpaka bombani."

Yusta alikuwa anatafuna mfupa. Akaumaliza kwanza.

"Ninyi mlikuwa na karatasi nzuri, zimesomwa vizuri, ziko mezani Ilungula," akasema. "Na Mkunga yuko Lindundu. Katikati hakuna barabara. Ijumaa saa tisa karatasi zile zingefaa kufungia karanga. Mzee alitafuta amekaa, Atupele alisoma amekaa. Mimi nilivuka mto. Deni la pikipiki bado ninalo, na mama yangu anaishi kwenye chumba kinachovuja. Pale penye meko ndipo ningemweka."

Uani kukawaka. Wamama wakasema Mzee, kwa sababu bila mwanzo hakuna kitu. Vijana wakasema Yusta, kwa sababu yeye peke yake angeweza kufa njiani. Mwalimu wa shule ya msingi akapiga meza akisema Atupele, kwa sababu karatasi na pikipiki kila mtu anavyo. Jirani mmoja akasema chumba abaki nacho Sekela mwenyewe, kwani ndiye aliyeandika ile barua na ndiye aliyelipa. Akazomewa kwa furaha mpaka akakaa.

"Bwana Kitundu," akasema Sekela, "wewe ni mtu wa mikataba. Tuamulie."

Bwana Kitundu akainua mikono yote miwili. "Mama, mimi ndiye niliyetaka kuichukua. Nikiamua mimi, nani atakula tena na mimi?"

Watu wakacheka, wakajadili, wakapakuliwa tena, wakajadili. Ngoma zikapigwa, Mzee akacheza na Yusta, Yusta akacheza na Atupele, na kila walipopishana mbele ya Sekela waliutupia jicho ule ufunguo, wakatabasamu, wakaendelea.

Mimi nimewaletea wote watatu kama walivyokuwa. Sikumwongezea mmoja wala kumpunguzia mwingine. Aliyehifadhi, aliyesoma, na aliyesafiri. Ondoa mmoja, nyumba imeuzwa. Basi nyoosheni mikono, mmoja mmoja, na atakayesema aseme na sababu yake: ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungemfungulia nani mlango?